Uzi: Ukwaju, ndimu na vidonge vya kutafuna. Vitamini C yenyewe iko wapi?

#1 DukaLaDawa_Malindi (mleta uzi)

Wadau, salaam aleikum.

Masika yameshika hapa Malindi na kila anayepiga chafya anasimama mbele ya kaunta yangu kuulizia vidonge vya vitamini C, vile vya kutafuna vya rangi ya chungwa. Nawauzia, ndiyo riziki yangu. Ila juzi mzee mmoja alimkataza mkewe asinunue: "Hatuvihitaji sisi, nyumbani twanywa maji ya ukwaju kila siku." Foleni ilikuwa ndefu nikanyamaza, lakini maneno yale yamenikaa, maana huku pwani karibu kila mtu anaamini hivyo: kitu kikiwa kikali kina vitamini C, na kikizidi ukali kina zaidi.

Sivyo. Ukali wa ukwaju ni wa asidi nyingine kabisa, asidi ya tataki. Vitamini C iliyomo katika gramu 100 za ukwaju ni miligramu 3 au 4 tu. Ukali wa ndimu nao ni wa asidi ya sitriki. Vitamini C imo, lakini kama miligramu 30 kwa gramu 100. Limau na chungwa hukaribia 50. Sasa shika papai, tunda lisilokuwa na ukali hata chembe: kama 60, yaani laishinda ndimu mara mbili. Pera ndilo la ajabu, lapita 200. Na mapera yenyewe huku twawaachia watoto na popo.

Kazi ya vitamini hii mwilini ni nyingi, nitaje iliyo kubwa. Mwili hutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoshikilia ngozi, fizi, mifupa na kuta za mishipa ya damu, kama kamba ya makumbi ilivyokuwa ikishona mbao za mtepe bila msumari. Bila vitamini C nyuzi zile hutoka dhaifu na mwili huanza kufumuka: fizi zavimba na kuvuja damu, madoa yatokea miguuni, kidonda kipya hakifungi na kovu la zamani laweza kufunguka. Ndicho kiseyeye.

Wanyama wengi hawana shida hii. Punda wa Lamu, mbuzi, paka, hata panya wa darini hujitengenezea wenyewe ndani ya ini. Sisi binadamu jeni (chembe ya urithi) ya kazi hiyo tunayo, lakini imeharibika tangu enzi na enzi, kwa hivyo lazima tule. Na si nyingi: Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 45 kwa siku kwa mtu mzima, Marekani wanasema 90 kwa mwanamume na 75 kwa mwanamke, mjamzito 85, anayenyonyesha 120, na mvuta sigara aongeze 35. Pera moja la wastani lamaliza habari yote hiyo.

Karibuni, tujadili.

#2 Mwana_wa_Mkomani

Waleikum salaam. Mleta uzi, hapo kwa ndimu umenigusa. Mimi ni mtu wa Lamu, na Lamu bila achari hakuna chakula. Nyumbani kwetu mitungi ya achari ya ndimu hukaa juu darini ikipigwa na jua wiki na wiki, ndimu zimepasuliwa, zimejazwa chumvi na pilipili, hata ziwe rangi ya ngozi ya kiatu. Wazee wetu wamekula mtele na achari ile miaka yote, meno yao hadi uzeeni yamo. Nambie hiyo nayo haina?

#3 KijanaShela

Meno ya bibi yangu yamo pia. Yamo ndani ya gilasi, usiku.

#4 DukaLaDawa_Malindi

😂 Kijana, utapigwa kiatu.

Mwana wa Mkomani, achari ni tamu na siigusi heshima yake. Lakini tazama alivyofanyiwa huyo ndimu: amepasuliwa, hewa imemwingia, amewekwa juani wiki kadhaa, chumvi imemkamua maji. Vitamini C huogopa mambo hayohayo: hewa, joto, mwanga, na muda. Tena huyeyuka katika maji, kwa hivyo popote maji yanapokwenda nayo huondoka. Kinachobaki mtungini ni ukali, chumvi na ladha. Wazee wenu walikuwa na embe ngowe mlangoni, papai uani na kachumbari juu ya pilau. Hivyo ndivyo vilivyowalinda. Achari imechukua sifa bure.

Na shaba nayo ni adui: huharakisha kuharibika kwake. Mwenye sufuria za shaba za urithi asikamulie ndimu humo.

#5 BahariaMstaafu

Mada imenikuta mahali pake. Nimefanya kazi ya bahari maisha yangu yote na napenda kusoma habari za safari, basi niruhusuni nirefushe.

Ile nguzo ya Vasco da Gama hapo Malindi, watu huenda kupiga picha na kurudi. Wachache wanajua kwamba kisa chake nusu ni kisa cha kiseyeye. Aprili 1498 alifika Mombasa akiwa na wagonjwa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapata nafuu, na mwandishi wa shajara ya safari yao akaandika kuwa ni rehema ya Mungu na hewa nzuri ya mji! Machungwa yalikuwa mkononi, sifa ikapewa hewa.

Wakaja Malindi, wakapewa rubani, na upepo wa kusi ukawavusha hadi Calicut kwa muda usiofika mwezi. Safari hiyo haikuwa na balaa. Tazameni sasa walivyorudi: waliondoka pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijasimama. Nahodha yeyote wa jahazi angewaambia wasubiri. Wakakaa baharini karibu miezi mitatu, shwari leo, pepo za mbisho kesho. Walikufa watu 30 katika kuvuka huko, na kila merikebu ikabaki na watu saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Tarehe 7 Januari 1499 wakatia nanga Malindi, wagonjwa wakililia machungwa. Wakapelekewa, lakini wengine walikuwa wameshapita mpaka, wakafia hapahapa. Walipoondoka hawakuwa na mabaharia wa kutosha merikebu tatu. Wakaichoma moto moja, São Rafael, walipokwisha kuipita Mombasa.

Ugonjwa uleule, watu walewale, bahari ileile. Tofauti ni wiki. Mwili wa mtu hubeba akiba ya kama gramu moja na nusu, na mtu akikosa kabisa, dalili huanza baada ya mwezi mmoja hadi mitatu. Mabaharia wa majahazi yetu walikula wali, tende na papa mkavu, ambavyo havina vitamini C ya maana, lakini waliojua kungoja msimu walivuka kwa wiki chache na kuteremka bandarini kabla akiba haijaisha.

#6 KijanaShela

Mzee Baharia andika kitabu tafadhali. Swali: Wazungu waligundua lini kwamba ni matunda?

#7 BahariaMstaafu

Kujua walijua na kusahau mara nyingi. Jaribio mashuhuri ni la daktari Mskoti, James Lind, Mei 1747, ndani ya merikebu ya kivita Salisbury. Alichukua wagonjwa 12 akawagawa wawili wawili: wa kwanza sida ya matofaha, wengine matone ya asidi ya salfuriki, wengine siki, wengine maji ya bahari, wengine uji wa kitunguu saumu na haradali, na wawili wenye bahati machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha siku ya sita. Mmoja wa wale wawili alikuwa ameshapona kiasi cha kurudi kazini.

#8 DukaLaDawa_Malindi

Mzee, umenipa ushahidi nilioutaka. Siki ni kali. Asidi ya salfuriki ni kali kupita mfano. Madaktari wa zama zile waliamini kama yule mzee wa ukwaju, kwamba ukali ndio dawa, na wagonjwa wanne waliopewa vitu hivyo viwili hawakupona. Jaribio lile liliua nadharia ya ukali mwaka 1747 na bado sisi twaishi nayo!

Tena Lind mwenyewe hakuelewa alichokiona. Alipendekeza maji ya malimau yachemshwe polepole hadi yawe mazito ili yasiharibike baharini. Akaichemsha dawa ikafa. Jeshi la majini la Uingereza lilianza kutoa maji ya malimau kwa utaratibu mwaka 1795 tu. Katika karne ya 19 wakabadili, wakaacha malimau ya Mediterania wakachukua ndimu za visiwa vyao vya Karibi, kwa sababu ndimu ni kali zaidi na kwa hivyo, kwa fikra zao, bora zaidi. Maji yenyewe yalikaa sana na kupitishwa kwenye mabomba ya shaba. Msafara wao wa Aktiki wa 1875 ukapigwa na kiseyeye ndimu zikiwa ghalani.

Vitamini yenyewe haikushikwa mkononi hadi Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipoitenga mwaka 1928, na baadaye akaipata kwa wingi kwenye pilipili tamu za mji wa Szeged. Tuzo ya Nobel akapewa 1937.

#9 Mpishi_Langoni

Nyinyi wanaume mwazungumza merikebu, mie nina sufuria motoni. Mie ndimu naitumia kutwa. Samaki namkamulia kutoa shombo, hina naikandia ndimu ikolee, mchicha naukamulia. Sasa katika hayo ni wapi nala vitamini na wapi ni ukali mtupu?

#10 DukaLaDawa_Malindi

Dada, swali zuri kuliko yote ya uzi huu.

Shombo hutolewa na asidi, vitamini haihusiki. Hina vilevile: asidi ndiyo inayofungulia rangi ya jani, kwa hivyo hapo hata ukwaju wafaa. Samaki aliyekamuliwa ndimu kisha akatumbukizwa kwenye mafuta ya moto, vitamini kubwa imeshakwenda. Kamulia tena mezani, ndimu mbichi, akishaiva.

Mchicha ndiyo wenye hasara kubwa, kwa sababu wenyewe una vitamini C nyingi kabla ya kuingia jikoni, kama miligramu 40 kwa gramu 100. Watu huukata asubuhi, wakauloweka, wakauchemsha, wakamwaga maji, ndipo wakatia tui. Yale maji ya kijani yaliyokwenda na bomba ndiyo yaliyobeba. Osha majani mazima, kata wakati sufuria iko tayari, maji kidogo, funika, epua ungali na rangi. Kisamvu siwezi kukuambia hivyo, hicho lazima kitwangwe na kichemke sana kwa sababu ya sumu yake, basi tukubali hasara hiyo na tule kachumbari pembeni.

#11 Muuguzi_Mambrui

Naongezea la kliniki, kwa sababu ndipo ndimu ya mezani inapofanya kazi kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Akina mama wengi wa huku huja kliniki ya wajawazito damu iko chini. Sababu ni nyingi, malaria na minyoo zimo, na chakula kimo. Madini ya chuma yaliyo kwenye nyama na samaki mwili huyapokea vizuri. Yale ya kunde, mbaazi, maharagwe na mchicha mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C ikiwemo katika mlo uleule, huyabadilisha chuma yale yawe katika hali inayopenya utumbo, na kiasi kinachoingia huweza kufika mara mbili au zaidi. Nasisitiza mlo uleule. Chungwa la asubuhi halisaidii mbaazi za usiku.

Adui wa hapo ni chai. Mbaazi za nazi na mahamri, na kikombe cha chai ya rangi juu yake: hayo majani ya chai hufunga chuma. Siwezi kuwaambia watu wa pwani waache chai, nitafukuzwa Mambrui. Nawaambia wangoje saa moja au mbili, na mlo wenyewe waushushie maji ya chungwa au kipande cha papai. Vidonge vya chuma vya wajawazito hivyohivyo, visimezwe na chai.

Pia, fizi zikitoka damu msikimbilie kusema kiseyeye. Mara nyingi ni uchafu wa meno tu, mswaki na daktari wa meno. Wa kumwangalia kwa jicho la kiseyeye ni mzee anayeishi peke yake, hana meno, mlo wake chai na mkate asubuhi na jioni, au mlevi, au mtoto anayekataa kila kitu isipokuwa wali mweupe na maziwa. Maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa hayana kitu upande huu. Ya mama yanayo, mama akila.

#12 Muyeye80

Mimi vidonge vya miligramu 1000 vinavyochemka kwenye maji nanywa kila siku tangu korona na sijapata mafua ya maana. Na kuna mahali mjini wanatundika dripu ya vitamini C, ngozi yang'aa. Msiwatishe watu.

#13 DukaLaDawa_Malindi

Ndugu, hakuna anayetishwa, ila mimi ndiye muuzaji, nisikilize.

Ukila kiasi cha chakula, tuseme miligramu 30 hadi 180, utumbo huchukua asilimia 70 hadi 90. Ukimeza zaidi ya gramu moja kwa mpigo, hupokea chini ya nusu, na figo hukojoa ziada. Kwa hiyo sehemu kubwa ya pesa yako yaishia chooni. Kuhusu mafua, tafiti nyingi zimekusanywa na kupimwa pamoja: kwa mtu wa kawaida vidonge havizuii mafua. Anayevitumia kila siku mafua yake hupungua muda kidogo, kama asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Anayeanza kumeza akishapiga chafya hapati faida ya kuonekana. Na huyo ndiye mteja wangu mkuu.

Kikomo cha mtu mzima ni miligramu 2000 kwa siku. Ukipita, tumbo huendesha. Mawe kwenye figo nayo yameonekana kuongezeka, hasa kwa wanaume wanaomeza dozi kubwa. Vile vya kuchemka vina sodiamu, mwenye presha atazame kwenye pakiti. Vile vya kutafuna, kutwa mdomoni, hula meno, sawa na tabia ya kunyonya ndimu.

#14 Muuguzi_Mambrui

Kwenye dripu nataka niseme kwa sauti. Pwani yetu, kwa ajili ya malaria ya vizazi na vizazi, ina watu wengi wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Wengi hawajijui kwa sababu hawana dalili. Vitamini C ya kunywa katika chakula haina neno kwao. Dozi kubwa ya kuingizwa kwenye mshipa huweza kupasua chembe nyekundu za damu, mtu akakojoa mkojo wa rangi ya kola, na figo zikafuata. Anayetundika dripu bila kupima G6PD kwanza anacheza na uhai wa mtu kwa ajili ya ngozi. Na mwenye kisukari anayetumia dozi kubwa ajue kwamba baadhi ya mashine za kupima sukari hudanganyika nayo.

#15 Muyeye80

Mkojo wa rangi ya kola?! Haya, ya dripu nimesikia. Vidonge bado navinywa.

#16 Mwana_wa_Mkomani

Na mabuyu je? Kila mahali wasema ubuyu ushinda chungwa mara sita.

#17 DukaLaDawa_Malindi

Unga mkavu wa ubuyu wenyewe ni tajiri kweli, ingawa hutofautiana sana mbuyu kwa mbuyu, mwingine wapita chungwa mbali, mwingine kidogo tu. Lakini mabuyu mekundu ya pakiti ni habari nyingine. Yamepikwa kwenye shira ya sukari inayochemka, yakatiwa rangi, yakaning'inizwa dukani juani. Nunua unga mweupe usiopikwa, koroga kwenye maji baridi au mtindi, uji ukiwa umeshapoa kidogo ndipo utie.

Mimi ukiniuliza hasara kubwa ya kaunti hii, nitakwambia mabibo. Msimu wa korosho, kuanzia hapa hadi kusini mwa Kilifi, watu huzungusha korosho wakaichukua na bibo lenyewe likatupwa chini, likaliwa na nzi, au likaenda kwenye uraka, pombe ya mabibo. Bibo lina vitamini C mara nne, mara tano ya chungwa! Lakereketa koo, ndiyo, ni tanini hiyo. Kata vipande, tia chumvi, suuza, kamua. Soko hakuna kwa sababu halikai hata siku mbili bila kuoza, hilo naelewa. Lakini aliye na mkanju (mkorosho) uani hana udhuru.

#18 KijanaShela

Uraka nao una vitamini C? Naulizia rafiki.

#19 BahariaMstaafu

Rafiki yako aje nimpe maji ya bahari kama wale wawili wa Lind.

#20 Mpishi_Langoni

La mwisho kwangu. Ramadhani natengeneza juisi baada ya alasiri, mapapai na ndimu, au pasheni, naiweka hadi magharibi. Yaharibika?

#21 DukaLaDawa_Malindi

Haiharibiki kwa muda huo dada, itapungua kidogo tu. Hapa ukali wa ndimu una faida yake: asidi huilinda vitamini C isioze upesi, kwa hivyo papai lenye ndimu hukaa vizuri kuliko papai tupu. Usiisage kwa blenda muda mrefu ikajaa povu, hiyo ni hewa unayoichanganya. Jaza jagi hadi juu, funika, weka ndani ya friji au kwenye kivuli juu ya barafu, sio dirishani. Ya jana iliyobaki inyweke daku, ladha itakuwepo. Na siku ya mbaazi, iwe pasheni au chungwa, chai isogezwe hadi baada ya tarawehe.